Mwaka wangu kwenye ofisi ya fedha ya kiwanda cha korosho Mtwara

Wadogo zangu wa chuo wananiuliza sana kama inalipa kusimamisha masomo mwaka mzima ukafanye kazi, na mimi jibu langu ni ndiyo, tena ndiyo kubwa, ila siyo kwa ile sababu ambayo wengi wanaifikiria. Sivii (CV) inapendeza kweli, sikatai. Lakini kilichonikaa kichwani ni kitu kimoja ambacho darasani nilikisoma, nikakijibu kwenye mtihani, nikapewa maksi zangu na bado kilikuwa hakijaniingia, kwamba hela ina muda wake, na kampuni inaweza kuwa na faida nzuri kabisa kwenye vitabu huku Ijumaa inafika hamna hela ya kulipa mishahara.

Nieleze kwanza ilikuwaje. Mi kwetu Tandahimba, nasoma shahada ya fedha na uwekezaji, chuo kiko mbali na kusini. Fildi za kawaida ni zile wiki chache za likizo ndefu, unafika ofisini, wiki ya kwanza unazungushwa kusalimia watu, wiki ya pili unapanga mafaili, ukianza kuelewa elewa muda umeisha unaaga. Mimi nilitaka kuona msimu mzima wa korosho kutoka mwanzo mpaka mwisho, maana nimekulia humo humo lakini upande wa shambani tu, sijawahi kuona upande wa pili yaani anayenunua anaitoa wapi ile hela. Kiwanda kimoja cha kubangua korosho Mtwara mjini kilikubali kunichukua kwenye idara ya fedha kwa mwaka, nikaandika barua chuo kuahirisha mwaka wa mwisho, ikapita. Kwa habari ya mkopo wa bodi, ukiahirisha na boom, yaani ile hela ya matumizi, inasimama, kwa hiyo jipange, posho ya intanishipu inatosha chumba na chakula na nauli ya bajaji na basi. Nilipanga chumba Magomeni, asubuhi nakula ming'oko na chai nikitembea, maisha yakaenda.

Mama yangu alihangaika kidogo na hilo neno kuahirisha, kwake aliyeahirisha ndo aliyeacha. Babu ndo alimtuliza, akamwambia mwache akaone hela za korosho zinatokea wapi, sisi tumezeeka hatujui.

Nianze na karatasi ya Jumatatu, maana hiyo ndo ilinifundisha kazi. Idara yetu ilikuwa ndogo, mkuu wa fedha ni mama mmoja CPA, yaani mhasibu mwenye cheti cha juu cha taaluma, ambaye wote tunamwita madamu, mhasibu wa malipo, mhasibu wa stoo na mimi. Kila Jumatatu saa mbili asubuhi madamu anataka mezani karatasi moja tu ya Excel, wiki kumi na tatu mbele, kila wiki na safu yake, juu hela inayotarajiwa kuingia, chini hela inayotakiwa kutoka, na mstari wa mwisho salio. Basi. Hamna neno faida humo ndani, hamna uchakavu wa mitambo, hamna mauzo ambayo hayajalipwa. Siku ya kwanza nilipomwandalia nikaweka invoisi ya mteja wa nje kwenye wiki ambayo mzigo unatoka bandarini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiyo hela inaingia siku ile kwa sababu gani?" Halafu akanipeleka hatua kwa hatua, mzigo unapakiwa kwenye kontena, kontena linasubiri meli, meli ikiondoka ndo inatoka hati ya shehena, hati zinapelekwa benki, benki yetu inazituma benki ya mteja, wanazikagua, wakikuta hata jina limekosewa herufi wanazirudisha, ndo malipo yafuate. Tangu hapo kila namba iliyoingia kwenye ile karatasi nilikuwa naitafutia mtu. Namba ya meli nampigia wakala wa forodha. Namba ya umeme naenda kwa fundi mkuu. Namba ya mishahara ya wabanguaji naenda kwa msimamizi wa zamu, kwa sababu wabanguaji wanalipwa kwa kilo na wiki ikiwa na mzigo mzuri mishahara inapanda.

Yani kazi ya fedha ya kampuni kwa jinsi nilivyoiona mimi ni kuuliza watu. Fomula ni za siku mbili tatu, kuuliza ni kwa mwaka mzima. Na kuuliza kwenyewe kuna namna, huwezi kumfuata mzee wa ghala na laptopu mkononi ukamwambia naomba takwimu. Unafika, shikamoo mzee, za hapa, mvua vipi huko Nanyamba, mnaongea, ndo anakwambia lile lundo la kule mwisho mwanangu usilihesabu na haya mengine, lile limenyeshewa.

Sasa msimu. Nilianza mwezi wa tisa 2024, minada ikafunguka mwezi wa kumi, na wanaofuatilia wanakumbuka msimu wa 2024/25 ulivyoanza, bei ikaruka ikapita 4,000 kwa kilo wakati msimu wa nyuma yake ilikuwa inacheza kwenye 2,000. Kijijini kwetu ilikuwa sherehe, mama ananipigia simu anacheka tu. Ofisini siku hiyo hamna aliyecheka. Na sikuwalaumu, kwa sababu nilikuwa nimeiona bajeti, imepangwa kwa bei ambayo haipo tena duniani.

Hapa naomba nikae kidogo maana ndo penyewe. Kiwanda cha kubangua kinanunua korosho ghafi ndani ya miezi michache tu, kuanzia mwezi wa kumi mpaka kwenye mwezi wa kwanza au wa pili hivi, halafu kinabangua mwaka mzima. Kwa hiyo hela yote ya malighafi ya mwaka inatakiwa ndani ya muda mfupi, wakati hela ya mauzo inarudi kidogo kidogo. Ukinunua mnadani unatakiwa ulipe ndani ya siku chache ndo upewe kibali cha kutoa mzigo kwenye ghala kuu, na ndivyo inavyotakiwa iwe kwa sababu mkulima anasubiri, hela inapita chama kikuu cha ushirika inaenda AMCOS, yaani chama cha msingi cha kijijini, inaenda kwenye akaunti yake. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani, mkulima anapeleka korosho ghalani anapewa stakabadhi halafu zinauzwa mnadani, huku kusini ulianza kwenye korosho msimu wa 2007/08, mi nilikuwa mtoto, naukumbuka kwa jina tu. Chama kikuu cha kwetu Tandahimba na Newala ni TANECU, Mtwara na Masasi ni MAMCU, wa Lindi wana Lindi Mwambao na RUNALI. Siku hizi minada inaendeshwa kwa mtandao kupitia TMX, soko la bidhaa la Tanzania, watu wamekaa mbele ya kompyuta wanaweka bei, na mimi nilikuwa nakaa nyuma ya afisa manunuzi na kikokotoo.

Piga hesabu hii. Chukulia kiwanda kinataka tani 1,000. Kwa bei ya 2,000 kwa kilo ni bilioni 2. Kwa 4,000 ni bilioni 4. Chukulia benki inakopesha kwa asilimia 15 kwa mwaka na wastani wa hela kukaa nje ni miezi sita, riba peke yake inatoka milioni 150 inafika milioni 300. Kiwanda ni kile kile, mashine ni zile zile, wabanguaji ni wale wale, na kilo zinazotoka mlangoni ni zile zile. Na kikomo cha mkopo ulichosaini na benki kiliandikwa kwa bei ya zamani. Kwa hiyo unachagua, unapunguza tani ukijua kwamba mwezi wa sita kiwanda kitakosa malighafi na watu watakaa nyumbani, au unarudi benki kuomba kikomo kiongezwe wakati kila mnunuzi mwingine naye yuko kwenye foleni hiyo hiyo anaomba kitu hicho hicho.

Tulirudi benki. Nilikuwepo kwenye kikao, nimekaa pembeni naandika. Nilidhani wataulizia faida ya mwaka uliopita, ikaguliwe, tujadili uwiano. Dada wa benki akapitisha macho hesabu zilizokaguliwa kama dakika mbili akaziweka chini, akaomba ile karatasi ya Jumatatu. Ile ile. Akaifuata mstari kwa mstari na kalamu, hii hela ya wiki ya saba inatoka kwa nani, mna mkataba, mkataba una bei au bei itapangwa baadaye, na mteja huyu mwaka jana alilipa baada ya siku ngapi. Madamu alikuwa anajibu bila kufungua faili, na pale aliposita ananiangalia mimi, na mimi nilikuwa najua kwa sababu nilikuwa nimempigia simu mtu mwenyewe. Kikomo kiliongezwa, siyo chote tulichoomba, lakini kiliongezwa, na masharti yakawa makali zaidi.

Sharti moja ndo hili la dhamana. Dhamana ya mkopo wa msimu ni korosho zenyewe, na benki haitaki kuamini neno lako kwamba zipo, inaweka msimamizi wake. Mlango wa ghala letu ulikuwa na kufuli mbili, moja yetu na moja ya msimamizi wa dhamana, na hakuna gunia linaingia kiwandani mpaka hela ya gunia hilo ilipwe benki au barua ya ruhusa itoke. Kijana wa msimamizi anakaa pale na daftari lake, sisi na letu, jioni tunalinganisha. Nilipenda sana kukaa pale. Kwenye vitabu tulisoma "mali inayoshikiliwa kama dhamana" kama sentensi, pale inakuwa mlango, na ukichelewesha malipo wiki moja unawaona wabanguaji wanasubiri nje kwa sababu mzigo uko ndani ya mlango huo huo lakini siyo wa kwako wa kufungua.

Kitu kingine nilichojifunza ghalani ni kukata korosho, na nawaambia wote wanaosoma fedha wakipata nafasi wakakae na watu wa ubora. Korosho ghafi hainunuliwi kwa macho. Wanachukua sampuli kutoka magunia mengi, wanachanganya, wanapima kilo moja, wanahesabu punje, korosho za kwetu nzuri zinakuja karibu 200 kwa kilo, halafu wanakata moja moja katikati na kisu chao cha mkono na kutenga, nzima safi huku, zenye madoa huku, changa zilizosinyaa huku, zilizooza huku. Kutoka hapo wanapata kipimo cha ratili, yaani ratili (paundi) ngapi za korosho karanga, zile zilizobanguliwa, zinatoka kwenye gunia la kilo 80. Wakikwambia ratili 48 maana yake ni kama kilo 22 kwenye 80, asilimia 27 hivi. Sasa rudi kwenye Excel. Ratili moja ikishuka, kutoka 48 kwenda 47, umepoteza karibu asilimia mbili ya kila kitu unachoweza kuuza mwaka huo, na umeshalipa bei ile ile. Kwenye manunuzi ya bilioni 4 hiyo siyo hela ya kupuuzia. Kisu kidogo kile kina nguvu kwenye hesabu za kampuni kuliko kikao cha bodi.

Mafaili ya zamani nayo niliyasoma sana, jioni watu wakiondoka. Kuna faili la msimu wa 2018, ule ambao wakulima walikataa bei za wanunuzi na serikali ya awamu ya tano ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kusomba. Kijijini tunaikumbuka kwa namna yetu. Kwenye faili niliikuta kwa namna nyingine, bajeti ya kiwanda ya mwaka ule, mkopo umeshaandaliwa, mteja ameshasaini, na chini madamu ameandika kwa mkono "malighafi?" na alama ya kuuliza kubwa. Hakuna fomula ya hicho. Ila tangu mwaka ule kila bajeti yao ina ukurasa wa mwisho unaoitwa "kama mnada haupo", wanaandika mishahara itatoka wapi kwa miezi mitatu. Nikasema huu ukurasa nitakwenda nao popote nitakapofanya kazi.

Dola nayo. Korosho karanga zinauzwa kwa dola, ghafi inalipwa kwa shilingi, mshahara kwa shilingi, umeme kwa shilingi. Mwezi wa kumi ule wa 2024 dola moja ilikuwa 2,700 na kitu, kufika mwezi wa kumi na mbili shilingi ikawa imepata nguvu mpaka karibu 2,400. Mtaani watu wanafurahi na wana haki ya kufurahi, anayeagiza gari au dawa amepumua. Sisi tuliokuwa tunasubiri hela ya mteja, kila dola milioni moja iliyokuwa 2.7 bilioni kwenye karatasi ya Jumatatu imekuwa 2.4, milioni 300 zimeondoka na hata korosho moja haijapotea. Na mkopo wetu ulikuwa wa shilingi, haukupungua hata senti. Nilijifunza hapo kwamba kuna watu waliosaini mikopo yao ya msimu kwa dola, riba yake ni ndogo, na kwao ile miezi haikuwa na shida kwa sababu wanadaiwa kwa hela ile ile wanayolipwa. Madamu hakuwa anatabiri dola, alikuwa anakataa kabisa, anasema kazi yetu ni kuhakikisha tunadaiwa na tunalipwa kwa hela moja, anayetaka kutabiri aende akafungue duka la kubadilisha fedha.

Sasa nifike kwenye jambo lililonigusa kuliko yote, kangomba. Kwa asiyejua, kangomba ni biashara ya yule mtu anayepita vijijini kabla ya msimu, mwezi wa saba wa nane, njaa imebana na ada za shule zinadaiwa, anakupa hela sasa hivi halafu msimu ukifika korosho zake anakuja kuzichukua kwa bei mliyokubaliana, bei ya kutupa. Ni kinyume cha sheria na watu wanakamatwa, lakini ipo. Mi nimekua nikisikia kangomba ni wizi, na aliyeuza ni mjinga au mlevi. Ofisini nikaipigia hesabu kama mkopo. Chukulia mkulima amepokea 1,500 kwa kilo mwezi wa nane, msimu ukifunguka kilo ile ni 4,000. Kwa kila 1,500 amelipa 4,000, hiyo ni riba ya zaidi ya asilimia 160 ndani ya miezi miwili mitatu, wakati sisi kiwandani tulikuwa tunanung'unika na asilimia 15 kwa mwaka. Nikampigia babu nikamweleza, akanyamaza, akasema, "Mjukuu wangu, hesabu hiyo tunaijua wote. Lakini siku mtoto anaumwa unakuwa na 1,500 ya leo au huna kitu." Babu hajasoma fedha, na pale ndo nikaelewa kwamba mkulima wa kangomba hajashindwa hesabu. Ana mali, mikorosho imejaa maua, kwenye vitabu ni tajiri. Alichokosa ni hela ya wiki hii.

Na mwezi wa pili ikatokea kiwandani. Mteja mmoja wa nje akaja na ofa, atalipa nusu mapema kabla ya mzigo kutoka, hela taslimu, lakini bei ishuke kwa kila ratili chini ya soko kwa mzigo wa miezi minne. Karatasi ya Jumatatu ilikuwa imekaa vibaya, wiki mbili mbele salio ni hasi. Watu wa mauzo wakafurahi sana. Madamu akaniambia nikae nipige ile punguzo kama riba, nisiangalie kama bei. Nikapiga. Ilitoka juu mara mbili ya riba ya benki. Akaichukua ile karatasi akaingia nayo kwenye kikao cha mameneja akasema kwa Kiswahili chepesi kabisa, hii ni kangomba ya kiwanda. Kikao kikatulia. Wote pale ni watu wa huku, hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Wakaenda kutafuta hela kwingine, wakauza korosho vipande zilizokuwa zimelala stoo zikisubiri bei, wakaongea na msambazaji wa maboksi asubiri mwezi, na wiki zile mbili zikapita.

Tangu hapo nikiona kampuni imetangaza punguzo kubwa kwa wanaolipa mapema najiuliza kwanza karatasi yao ya Jumatatu inasemaje.

Kuna kazi moja nilipewa peke yangu, na hii naijivunia. Kiwanda kilitaka kununua mashine ya kumenya ile ngozi nyembamba ya ndani, kazi inayofanywa na wamama kwa mkono. Nikaambiwa niandae tathmini ya uwekezaji. Darasani hii ni mchezo, unaweka gharama mwaka sifuri, unaweka akiba ya kila mwaka, unapunguza kwa gharama ya mtaji, ikitoka chanya unanunua. Gharama ya mtaji yenyewe madamu alinifundisha nianzie kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, zile za miaka 20 na 25 zilikuwa zinatoa zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, sasa mwenye kampuni anaweza akaweka hela yake pale akalala, kwa nini aiweke kwenye mashine kwa chini ya hapo? Nikapandisha. Bado ilitoka chanya. Karatasi ya muuzaji wa mashine ilisema korosho zitakazovunjika zitapungua sana, na nzima na vipande bei zake ni mbali mbali kabisa, kwa hiyo faida yote ya ile mashine ilikuwa imelala kwenye mstari huo mmoja.

Nikashuka chini kiwandani nikakaa na wamama wanaomenya. Nikavaa kofia na aproni nikakaa kwenye benchi nikamenya nao, wanaongea Kimakonde wakiona mi naelewa wanacheka. Nikawauliza siku ambazo vipande vinakuwa vingi ni siku gani. Mama mmoja wa makamo, ambaye mikono yake ina madoa ya mafuta ya ganda kutoka miaka aliyokuwa kwenye kukata, akanionesha punje mbili. Moja akaigusa tu na kucha ngozi ikatoka yote, punje nzima nyeupe. Nyingine akaisugua haitoki, akakaza kidogo ikapasuka katikati. "Hii imekaushwa vizuri," akasema, "na hii umeme ulikatika ikiwa kwenye tanuri, ikarudisha unyevu." Kisha akaniambia zikikaushwa kupita kiasi nazo zinapasuka hata usizikaze. Nikaenda kwa fundi nikaomba daftari la umeme, nikalilinganisha na ripoti ya kila siku ya madaraja ya korosho, na ilikuwa wazi kabisa, siku za vipande zinafuatana na siku za umeme kukatika. Mashine isingeondoa hilo, ingevunja kwa kasi zaidi, na yenyewe inataka umeme.

Niliandika ripoti ya kurasa nne. Nikaongeza gharama ya dizeli kwenye tathmini ya mashine ikawa hasi. Nikaweka pendekezo la pili, jenereta ya tanuri peke yake, gharama ni sehemu ndogo sana ya ile mashine. Jenereta ilinunuliwa kabla sijaondoka. Na jina la yule mama niliomba liwekwe kwenye ripoti, kwenye ukurasa wa kwanza, na liliwekwa.

Mengine nayapitia haraka. Kodi ya mapato ya kampuni asilimia 30 na jinsi riba inavyoipunguza, nilijifunza kwa kujaza makadirio yenyewe. Wakaguzi wa hesabu walikaa nasi mwezi mzima, wanachosha lakini wanafundisha. Nilijifunza kuandika imeili fupi. Nilijifunza pia kwamba msimamizi wa mkopo benki anataka kusikia habari mbaya mapema kutoka kwako, akiisikia kwa mtu mwingine basi tena.

Nimerudi chuo. Mwalimu akiandika ubaoni mzunguko wa mtaji wa uendeshaji, siku za stoo jumlisha siku za kudai toa siku za kudaiwa, mi naona mlango wa kufuli mbili na foleni ya kontena tupu bandarini. Wenzangu wengine wako mbele yangu mwaka, wamehitimu, wengine wana kazi na wengine wanatafuta, na sijihesabii nimechelewa.

Kwa wanaotaka kufanya hivi, mambo machache ya kiutendaji. Barua ya kuahirisha iandike mapema na uambatanishe barua ya kampuni, na uulize ofisi ya mikopo kwa maandishi. Kampuni ikikuuliza unataka kukaa wapi omba hazina ya kampuni, yaani wanaosimamia hela na mikopo, au mtiririko wa fedha, usikubali kuwekwa kwenye kupanga vocha mwaka mzima. Ukipata kwenye biashara ya msimu, iwe korosho, ufuta wa Lindi au mbaazi, omba uanze mwezi mmoja kabla minada haijafunguka. Watu bado wana muda wa kukuelekeza, na siku bei ya kwanza ikitoka utakuwa umeshaijua bajeti iliyopangwa, utaona mwenyewe kilichoguswa. Mimi ningeanza mwezi wa kumi na moja ningekuta kila mtu anakimbia, na ile Jumatatu ya kwanza na madamu nisingeipata.